Madirisha ya Kalisti

Kuna Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka, mwanangu, ingawa mengi yamenitoka, hata mahali nilipoweka miwani asubuhi hii. Ilikuwa Niboye, mtaa wa pembeni mwa mji mkuu wetu, mwishoni mwa mwaka wa tisini na moja, vita ikiwa imetimiza mwaka kule mpakani. Nilikuwa nakaa kwa Shangazi Veneranda, mjane aliyerudi kutoka Bujumbura akawa mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na kazi yangu kubwa ilikuwa kukaa. Nilikaa vizuri sana. Sebuleni, uani, jikoni karibu na sufuria. Shangazi alichoka kuniruka kila akifagia, akaniandikisha mtihani wa kuingia kazini katika ofisi moja ya mjini. Ulikuwa na maswali ya mantiki, kama huo mtihani unaokwenda kuufanya wewe.

Akaanza kunifundisha. "Mtu akiwa daktari, basi amesoma. Gaspari amesoma. Je, Gaspari ni daktari?"

"Ndiyo," nikajibu haraka, kama mtu anayelipwa.

"Vizuri. Na wewe umesoma. Njoo unitibu mgongo."

Akaniletea lingine. "Mvua ikinyesha, mtoto wa kaka yangu habanduki nyumbani. Leo hakuna mvua. Je, ametoka?"

"Lazima ametoka," nikasema, nikiwa nimeketi palepale kwenye kiti changu, jua linawaka nje.

Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitenge.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Tulichimba mfereji. Niseme wengine walichimba, mimi nilishika jembe. Kazi ilipokwisha tukaketi kwenye majani, kama desturi, kumsikiliza kiongozi wa mtaa. Akasema adui ana wasaidizi kati yetu, nao husikiliza redio yake kwa siri. "Na anayesikiliza redio ile," akasema, "hufunga madirisha kabla giza halijaingia."

Mwanamume mmoja akanyoosha jembe lake. "Kalisti anafunga! Kila siku, jua bado liko juu!"

Kalisti alikuwa jirani yetu, fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache. Akaliweka jembe lake chini. Vijana wawili walikuwa wameshasimama nyuma yake. Siku zile, aliyepelekwa komini, ofisi ya serikali ya eneo letu, kwa neno kama hilo aliweza kufungwa miezi, na kuna waliokwenda hatukuwaona tena. Na mimi, mwanafunzi wa mantiki, niliiona hoja imenyooka kama ukuta: anayesikiliza hufunga, Kalisti anafunga, basi anasikiliza. Sikuona hata ufa.

Shangazi akasimama, akajipangusa majani.

"Mzee, naomba nieleweshwe. Anayesikiliza hufunga mapema. Haya, nakubali. Na mwizi wa kuku hunawa mikono, manyoya yasionekane. Sasa huyu bwana mwenye jembe nimemwona hivi punde ananawa mikono. Bwana, kuku wangu yuko wapi?"

Mama mmoja nyuma akaangua kicheko.

"Ah, Mama Mwalimu!" yule bwana akalia. "Nimenawa udongo!"

"Kumbe mtu hunawa kwa mengi. Na madirisha je? Mimi nafunga saa kumi na moja. Huyu mtoto wa kaka yangu mnamwona alivyo, mbu mmoja akiingia anataka aitiwe padri. Kama kufunga kunatosha, nichukueni na mimi."

Akavuka majani, akasimama kando ya Kalisti. Kutoka nilipoketi nilimwona anajifunga kitenge upya, akakaza fundo mara mbili.

"Hata mimi nafunga," yule mama aliyecheka akasema. "Moshi wa jirani."

"Yangu hayafunguki kabisa," mzee mmoja akalalamika. "Tangu fundi ayapige rangi."

Watu wakacheka, kicheko cha woga lakini kicheko. Kiongozi akatutazama, akawatazama wale vijana, akasema, "Basi, basi. Nendeni nyumbani." Kalisti akaokota jembe lake, akaondoka bila kugeuka.

Njiani nikamuuliza, "Shangazi, ulijuaje kwamba hasikilizi?"

"Nani kakuambia najua? Sijui anafanya nini mle ndani. Mimi nimezungumza habari ya madirisha tu."

Nilisimama katikati ya barabara, mwanangu. Nilidhani amemtetea mtu ambaye anaujua moyo wake. Kumbe alichukua sentensi ya kiongozi mwenyewe, akaisoma ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Ilisema jambo kuhusu wanaosikiliza. Kuhusu wote wanaofunga haikusema lolote. Na maneno hayo machache, yasiyo na mikono wala miguu, yalikuwa yamesimama kati ya mtu na gari la komini! Nikifikiria hilo hata leo nywele zinanisimama, na unaona mwenyewe zilivyobaki chache.

Yaliyotufika miaka michache baadaye, yale mauaji ya mwaka wa tisini na nne, unayajua. Hayakuwa makosa ya mantiki, na sitayafanya madogo kwa kuyaita hivyo. Nakusimulia mchana ule mmoja tu.

Kwa hiyo, ukifika kwenye mtihani ukakuta "kama hili, basi lile", tulia. Ukipewa hili, lile unalo. Ukiambiwa lile halipo, na hili halipo. Lakini ukipewa lile peke yake, usirudi nalo kinyumenyume kulitafuta hili, maana huenda limeletwa na kitu kingine kabisa. Na hili likikosekana, usilifukuze lile. Laweza kuwepo kivyake, kama mimi kitini siku ya jua. Hapo jibu ni "haijulikani". Utaona uchungu kuliandika, kwa sababu kichwa kinapenda kumaliza. Liandike. Na siku utakapoisikia sentensi ya namna hiyo nje ya mtihani, ina jina la mtu ndani yake, uliza kwa sauti ni sababu gani nyingine inaweza kuwepo. Uliza hata kama unaogopa.

Mungu akupe akili isiyo na pupa, mwanangu, na siku jina lako litakapotajwa vibaya, akuinulie mtu wa kusimama kando yako. Haya, nenda kafaulu.