Jogoo Bado Hajanona

Kwetu Buhehe, kijiji kilicho karibu na mpaka, mgeni haondoki bila kula kuku. Mama yangu, mjanja kuliko maafisa wote wa mpakani, aliigeuza desturi hiyo kuwa kamba ya kunifungia. Kila nilipokuja likizo kutoka ng'ambo, ninakofanya utafiti wa fizikia, alinionyesha jogoo uani na kusema, "Huyu bado hajanona. Ngoja kesho." Kesho ikawa keshokutwa. Safari moja nilibadilisha tiketi ya ndege kwa sababu ya jogoo, na wala sikuudhika.

Jioni moja, akimenya mihogo, aliniuliza hasa ninafanya nini huko. Nikamweleza kwamba waya hupata joto kwa sababu umeme huzuiwa njiani, sehemu yake ikapotea. Kuna vitu ambavyo vikipozwa kwa baridi kali mno huupitisha bila kizuizi chochote. Sisi tunajaribu kufika hapo bila baridi yote ile: tunakipiga kipande kidogo cheusi kwa mwanga wa leza, nacho kwa kitambo kifupi mno kinatenda kama vitu hivyo.

Mama amechuuza mpakani miaka mingi, na Kiswahili chake ni cha huko.

"Sasa hiyo kitu inakaa muda gani?"

"Haikai, mama. Kabla hujapepesa jicho imekwisha."

"Na nyinyi mnafanya nini?"

"Tunatafuta namna ya kuirefusha."

Alicheka hadi kisu kikamponyoka. "Basi hata mimi iko na hiyo kazi! Tena bila leza."

Nilirudi maabara. Baadaye tulifaulu kuirefusha hali ile kidogo. Wenzangu walishangilia, mimi nikamkumbuka mama na jogoo wake. Nilitamani kuambiwa ngoja kesho.

Nilipokuja mara hii, harufu ya mchuzi ilinipokea mlangoni. Siku ya kwanza! Mama alikuwa amekonda. Aliniwekea sahani mbele bila kuniangalia.

"Kula, mwanangu. Sasa hata ukitaka kwenda, enda tu. Mimi nimechoka kudanganya na kuku."

Nilitazama vipande vile, mifupa zaidi ya nyama. Jogoo kweli alikuwa hajanona. Iliniuma kuliko kama angelia.

"Nimeshiba, mama," nikasema, huku tumbo langu likinguruma kwa njaa. "Nitakula kesho."

Akaichukua sahani haraka, akaifunika, akaenda kuificha jikoni.