Trakta ya Okazo kwa Mume Aliyenyamaza

Mume wangu aliendesha malori ya mine, machimbo ya madini, maisha yake yote, yale makubwa ambayo dereva hupanda ngazi kufika kwenye usukani. Alipostaafu alirudi nyumbani kwetu Musonoi, akaweka kiti mbele ya mlango, akanyamaza. Ukimuuliza kama anataka chai, anatikisa kichwa. Ukimuuliza habari, anasema "bien", yaani nzuri, na imekwisha. Watu wakaniambia ndiyo uzee. Uzee gani, mtu ana meno yake yote? Mimi niliogopa. Mtu wangu alikuwa anazimika huku namtazama, na sikujua nimshike wapi.

Ndipo nikanunua trakta. Usicheke. Tulikuwa na shamba kwenye barabara ya Sandoa, nyasi zimefika kifuani, na mfanyabiashara mmoja alikuwa na trakta ndogo ya okazo, yaani iliyokwisha kutumiwa na wengine huko mbali. Rangi imechujuka, kiti kimepasuka, visu vya kulimia vimening'inia nyuma, na maandishi yote yaliyokuwa juu yake ni ya Kijapani. Niliipenda palepale. Nilijiambia, mtu wa injini atarudishwa na injini.

Nilijidanganya. Ilipofikishwa shambani, nilimvuta tata, mzee wangu, hadi kule kwa taksi-moto, pikipiki ya kukodi. Akaitazama kidogo, akasema, "Hii ni trakta ao ni mutoto ya trakta?" Kisha akakaa juu ya bidoni ya mazutu, dumu la dizeli, akaipa mgongo.

Hasira ikanipanda. Nikakaza kitenge changu kiunoni, nikapanda mwenyewe, mimi ambaye sijawahi kuendesha hata baiskeli. Karibu na goti kulikuwa na mkono wa gia wenye picha mbili, kobe upande huu na sungura upande ule. Nani anachagua kobe? Nikasukuma kwa sungura, nikazungusha ufunguo, nikaachia pedali niliyokuwa nimeikanyaga, ile ya klachi ambayo madereva wetu huiita ambrayaji.

Mama yangu wee. Trakta iliruka, ikashika njia yake yenyewe, moja kwa moja kuelekea kichuguu, na vichuguu vya kwetu vina urefu wa nyumba. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja. Nyuma yangu nikasikia sauti kubwa ambayo sikuwa nimeisikia tangu miezi ya baridi. "Ambrayaji! Mama, kanyaga ambrayaji!" Mume wangu alikuwa anakimbia. Alikimbia na viatu vyake vya kanisa ndani ya nyasi, mikono juu. Nikakanyaga kila kitu kilichokuwa chini ya miguu yangu, na trakta ikazimika pua yake ikiwa kwenye kichuguu.

"Shuka," akasema, anahema. "Unataka kufa? Kule kwa mine, mutu hapandake mashine mbele ya kuizunguka. Uliangalia mafuta? Uliangalia maji? Pneu za magurudumu je? Na hii kitenge yako ikishikwa na visu?" Alinigombeza mpaka mate yakamtoka, na mimi nimesimama pale nina furaha hadi naona aibu.

Akaizunguka kwa miguu yake. Akachomoa kijiti cha mafuta, akakifuta kwa shati, akakiangalia kwenye jua. Akafungua chujio la hewa, akalikung'uta, vumbi likatufunika wote wawili. Ndipo akapanda, magoti yakakaribia kidevu. Sasa, kule kwa mine kabla ya kwenda mbele unapiga honi mara mbili, ili walio karibu wajihadhari. Trakta yetu honi yake ilikuwa imekufa. Basi mzee mzima, mwenye wajukuu, akanyoosha shingo akafanya kwa mdomo: piip, piip. Nilikaa chini kwa kicheko.

Lakini mikono yake ilikuwa bado ya lori. Alipofika mwisho wa shamba alikata kona pana, kana kwamba ana mzigo wa mawe nyuma, akaingia ndani ya mihogo ya jirani. Mwenye mihogo, mama mmoja mpole, akaegemea jembe lake akasema, "Tata, kwako ni kule." Kurudi nyuma ni honi tatu. Akazitoa zote, kwa heshima, na yule mama akamwitikia kwa kichwa.

Baada ya hapo akaweka kwa kobe. Akashusha visu vya nyuma kidogo tu, maana ardhi ilikuwa bado na mizizi, akalima mstari mmoja. Ukapinda. Akashuka, akautazama, akautukana kwa Kiluba cha baba yake, akaanza mwingine. Huo ukanyooka. Udongo ulitoka mwekundu na laini, nikavua viatu nikawa natembea nyuma yake, sina kazi yoyote, natembea tu.

Jioni nilipika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo. Alikuwa ameongea njia nzima kwenye taksi-moto, sikioni mwa dereva wa watu. Akaongea akinawa mikono. Akaongea na tonge vidoleni: kwamba mahindi yaende upande wa juu, kwamba betri ni dhaifu, kwamba mi nisipande tena bila yeye. Bukari ikapoa. Mgongo wangu ulikuwa umekwisha, kichwa kinaniuma, nilitaka kulala tu. Akanyamaza kidogo ili ameze, na kimya kile kikanitia hofu. Nikamuuliza haraka kwa nini mafuta ya injini hugeuka kuwa meusi, jambo alilokwisha kunieleza tangu siku za uchumba wetu.