Siku Baba Alipokaa Chini ya Daraja

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, vita vikiwa vimekwisha miaka michache tu, na sisi watu wa Kampala tumeanza tena kuthubutu kutembea kwa raha zetu. Nilikuwa msichana wa cherehani pale Mengo, nina gauni jipya na viatu vya kubana. Mimi na wenzangu wa kazini tulikodi taksi twende kuona daraja la zamani la mbao, ndani ya msitu, upande wa njia ya Masaka. Watu wa idara ya misitu walikuwa wamepasafisha, wakaweka mabenchi na vijia, pakawa mahali pa kupumzikia. Mpango wetu ulikuwa tupige picha darajani, kisha tukimbilie Ggaba, kando ya ziwa, kula samaki.

Baba alisikia neno daraja, akavaa koti. Sikumwalika, nisikudanganye. Baba yangu alitoka Kenya akiwa kijana, Mluhya, akaja Uganda kupasua mbao, na mbao za daraja lile alizipasua yeye na mwenzake mmoja, Muganda tuliyemwita Ssalongo kwa heshima ya baba wa mapacha. Ssalongo alikuwa ndugu kuliko ndugu. Wakati wa vita alikwenda kwao Luweero, kulikokuwa na mapigano, kumchukua mama yake, njia zikafungwa nyuma yake, na tangu hapo hatukupata habari zake. Baba hakumtaja sana. Ila mtu akibisha hodi jioni, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka.

Tulipofika, sisi tulipanda darajani, tukacheka, tukapiga picha. Baba hakupanda. Alishika nyasi, akateremka polepole mpaka kando ya maji, akaingia chini ya daraja na koti lake la kanisani, akakaa juu ya jiwe na kutazama juu. Sisi tukamaliza picha, yeye amekaa. Dereva akaanza kupiga honi.

"Nyabo, bibie, ita mzee!" alinipigia kelele. "Watu iko na njaa, na mimi nachelewa!"

Niliteremka nimenuna, viatu vinaniumiza. "Baba, daraja umeshaliona. Twende, watu wanatungoja."

Hakugeuka. "Mama," akasema, maana nilirithi jina la mama yake, "wewe umekuja kuona daraja. Mimi nimekuja kumwona mtu."

Ndipo akanieleza jambo ambalo hakuwahi kutueleza nyumbani. Gogo huwekwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu yake, mwingine anaingia shimoni, na msumeno unapanda na kushuka kati yao. Wa juu anaona mstari wake na anapata upepo. Wa chini anaona tumbo la gogo tu, na unga wote wa mbao unamwagikia usoni. Baba alikuwa wa juu miaka yote, kwa kuwa yeye ndiye aliyeajiriwa kwanza. Ssalongo hakuomba wabadilishane hata siku moja, na Baba naye hakumwuliza.

"Nilifikiri ipo siku nitamwuliza," alisema. "Sasa nimekuja kukaa upande wake, nione alichokuwa anakiona."

Mara watoto wa wageni wengine wakapita mbio juu yetu, mbao zikatikisika, vumbi likatumwagikia. Mimi niliruka, nikaanza kujipangusa gauni. Baba alibaki vile vile, uso juu, machozi yanateremka pamoja na vumbi. Akasema kwa sauti ya chini, "Pole, Ssalongo. Pole sana, ndugu yangu."

Nikavua viatu. Nilipanda nusu ya ukingo nikampungia dereva mkono aende zake na wenzangu na samaki wao, kisha nikarudi nikakaa karibu na Baba, gauni likashika tope, basi. Jua lilipoanza kushuka akasema mwenyewe, "Haya, twende." Tulirudi mjini kwa lori la matoke, tumekaa juu ya mikungu ya ndizi, na njia nzima alinisimulia Ssalongo alivyoimba vibaya, alivyopenda chai ya sukari nyingi, alivyowaogopa nyani. Alicheka, akaanza kisa kingine, akacheka tena.

Mwanangu, sasa na mimi nimezeeka, na Baba ninavyomkosa hakuna dawa. Mzee akikuomba umpeleke mahali, usimwulize atakaa muda gani. Mpeleke, na wewe ukae, mpaka aseme mwenyewe twende, kwani hujui pale anakutana na nani. Na kama una mwenzio anayebeba upande mzito wa kazi yenu, usingoje hiyo siku ya kumwuliza. Mwulize leo, angali anaweza kukujibu.

Mungu akupe wenzio wa kweli, akupe na ulimi mwepesi wa kuwaambia pole na asante wakiwa hai. Na kila unayemngoja, akujalie umwone.