Siku Mama Alipopanda Ghorofa ya Tano

Mpiga pasi aliishi ghorofa ya tano, mlango wa mwisho kushoto, katika jengo ambalo mwenye nyumba alilianza akiwa na nia ya kuweka lifti. Nia ilibaki nia. Shimo la lifti lilizibwa kwa mbao, na mbele yake watu wakaegesha baiskeli. Ndiyo maana vyumba vya juu vilikuwa rahisi: kadiri ulivyopanda ngazi ndivyo kodi ilivyoshuka, naye alipanda mpaka mfuko wake ukakubali.

Kazi yake ilikuwa ya kusimama. Kutwa nzima alikuwa nyuma ya duka la dobi, pasi ya mvuke mkononi, akinyoosha mashati ya watu wa maofisini. Jioni alirudi miguu imevimba, hamu ya maneno hana. Alipanda ngazi akisalimia bila kusimama, "Habari za jioni," "Salama," kisha ufunguo, kitasa, kimya. Kwa kuwa hakuna aliyejua zaidi ya hapo, majirani walimpa jina la Mgeni. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Waliohamia baada yake walishakuwa wenyeji, yeye bado Mgeni.

Si kwamba alikuwa na kiburi. Ndoa yake ilipovunjika alirudi kwa kaka yake, akalala sebuleni kwenye kochi, na hapo ndipo alipojifunza kuishi kama hayupo: kukunja shuka kabla wengine hawajaamka, kuoga wa mwisho, kucheka kidogo. Wifi yake hakuwa mtu mbaya, ila hata mtu mzuri huchoka kuona miguu ya mwenzake kwenye kochi lake kila siku. Mazoea yale yakamwingia mwilini. Hata alipopata chumba chake mwenyewe, aliendelea kutembea kwa ncha za vidole.

Mama yake alibaki kwa kaka, mji mwingine. Kila walipoongea kwenye simu, neno lilikuwa lile lile.

"Lini utanikaribisha kwako?"

"Ngazi, Mama. Magoti yako hayataweza."

Magoti yalikuwa mabovu kweli, lakini sababu yenyewe aliimeza. Siku aliyohama, Mama alisema mbele ya watu wote, "Mwanamke mzima unakwenda kujifungia huko juu peke yako! Utakula na nani?" Sasa aje aone bomba linalokohoa kabla ya kutoa maji, rangi inayobanduka juu ya kitanda, na jiko ambalo wawili hawapishani? Aone pia sahani moja kwenye sinki? Hapana. Acha lawama ziyaangukie magoti.

Mama akaja bila kualikwa.

Dukani simu zilifungiwa kwenye droo ya bosi mpaka kazi iishe. Mpiga pasi alipochukua ya kwake jioni ile ya Ijumaa, alikuta ujumbe wa kaka yake, umetumwa tangu asubuhi: "Mama yuko njiani kuja kwako. Tumemzuia, hasikii la mtu. Nimemwandikia jina la jengo."

Alitoka mbio bila hata kuvua aproni. Langoni kwa jengo alimkuta msimamizi, mzee aliyevaa funguo shingoni kama mkufu, akicheka peke yake.

"Mama yako ameshapanda," alisema.

"Amepanda? Na nani?"

"Peke yake. Nilimwambia asubiri hapa chini, akaniuliza kama mimi ndiye magoti yake."

Mpiga pasi alizivamia ngazi. Kwenye kona ya ghorofa ya kwanza palikuwa na kiti cha plastiki ambacho hakuwahi kukiona hapo. Ghorofa ya pili, stuli yenye mto. Alikuwa anaipita pale mlango ulipofunguka, akatokeza muuguzi, yule mwanadada anayefanya kazi zamu ya usiku, nywele bado zimefungwa kitambaa cha kulalia.

"Kumbe ni wewe!" alisema muuguzi. "Nilimkuta Mama amekaa kwenye ngazi anahema, nikamtolea stuli, nikampima na presha. Presha yake nzuri kuliko yangu. Amenikaripia kwamba ninalala bila kula."

"Nisamehe, dada. Yuko wapi?"

"Kwani humsikii?"

Alimsikia. Juu yao, kicheko cha Mama kilikuwa kinateremka ngazi, kile cha zamani cha kupiga mapaja. Mpiga pasi alisimama, mkono kwenye ukuta. Kule kwa kaka hakuwa amekisikia kicheko kile kwa muda mrefu. Ilimjia kwamba labda si yeye peke yake aliyejifunza kucheka kidogo katika nyumba ile.

Ghorofa ya tatu mlango wa dereva mstaafu ulikuwa wazi. Alikuwa mjane, mzee mrefu ambaye mpiga pasi alimjua kwa kikohozi chake tu. Mama alikaa kwenye kiti chake kizuri, viatu amevua, miguu juu ya kigoda, kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekonda. Njoo umwone mtu aliyekuwa akitutesa! Huyu ndiye dereva wa lile basi la asubuhi la kule kwetu, lililokuwa likituacha kituoni!"

"Basi lilikuwa limejaa, dada yangu," alijitetea dereva.

"Lilikuwa na nafasi. Niliiona dirishani."

"Mama, kwa nini hukuniambia unakuja?"

"Ningekuambia, ungenitajia magoti. Haya, magoti ndiyo haya, yaulize mwenyewe kama yanalalamika." Mama alishusha kikombe. "Wewe nawe, mbona hukuniambia binti wa huyu jirani yako anaolewa mwezi ujao?"

Hakujua.

"Na yule muuguzi, kwamba amerudi shule kusomea ukunga?"

Hilo nalo hakulijua. Alitazama vidole vyake. Dereva akaona afadhali amwokoe.

"Mgeni wetu anafanya kazi sana, dada. Hana nafasi ya umbea."

"Mgeni?" Mama aligeuka taratibu. "Mwanangu ni mgeni wa nani?"

"Ni jina la utani tu," alisema dereva, akijikuna shingo.

"Mwaka mzima na zaidi anapita mlangoni kwako, bado mgeni? Mmoja wenu ana kosa."

"Labda ni mimi," alisema dereva.

"Labda ni mimi," alisema mpiga pasi, maneno yao yakagongana hewani, na wote watatu wakaangua kicheko mpaka chai ikamwagika.

Ngazi zilizobaki walizipanda pamoja. Dereva alitangulia na kigoda. Kila Mama alipoinua kidole, mzee alikiweka kigoda chini, Mama akakaa, akavuta pumzi, akasema neno moja kuhusu basi, wakaendelea. Mpiga pasi alibeba mkoba huku moyo ukimdunda kuliko wa Mama. Mlangoni dereva aliaga kwa adabu, akateremka.

Mama aliingia. Aligusa kitanda, akafungua bomba, bomba likakohoa. Akachungulia jikoni. Akaiona sahani. Kisha akasogeza pazia na kusimama dirishani, pale ambapo paa za mtaa mzima huonekana, na nguo za watu zimeanikwa juu yake zikipigwa na upepo.

Mpiga pasi hakuweza kuvumilia. "Najua ni kidogo, Mama. Na rangi wamesema watapaka—"

"Ngoja. Mimi nimelala chumba cha baba yangu. Nikalala cha mume wangu. Sasa nalala cha mwanangu, pamoja na masanduku ya mke wake. Hiki ni cha nani?"

"Changu."

"Ukimwambia mtu atoke, anatoka?"

"Anatoka, Mama."

Mama alikaa kitandani, akakidundadunda kama mtu anayejaribu godoro dukani. "Basi nakuomba usinitoe mapema," alisema.

Mpiga pasi alicheka, halafu machozi yakamtoka kabla kicheko hakijaisha, na Mama akajifanya anatafuta kitu mkobani mpaka yalipokauka.

Mama alikuja kwa siku mbili, akakaa wiki tatu. Mpiga pasi akiwa kazini, Mama alishuka ghorofa moja leo, mbili kesho, akipiga soga, akirudi na habari. Jioni walikula pamoja, na mpiga pasi alisimuliwa jengo lake mwenyewe, mlango kwa mlango. Viti havikuondolewa kwenye kona za ngazi. Mwanamke mjamzito wa ghorofa ya nne alikuwa anakaa hapo, naye msimamizi pia, ingawa alisema anakagua tu taa. Hakuna aliyemwita mpiga pasi Mgeni tena. Alikuwa Mtoto wa Bibi, naye aliitika, na umri wake huo wa miaka arobaini na kitu.

Siku Mama alipoondoka, kushuka kulichukua asubuhi nzima, kwa sababu ya kuagana. Kituoni alimshika mwanawe shavu. "Nitarudi," alisema. "Sikuulizi. Nakuarifu."

Mpiga pasi alirudi jioni akihofia kimya cha chumba. Ghorofa ya tatu, mlango ulikuwa wazi tena. Dereva alisimama amelishika koti jeusi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebeba mtoto asiye wake.

"Samahani, mwanangu. Hili ndilo nitakalovaa harusini. Nimelipiga pasi mwenyewe, na sasa sielewi limekuwaje."

Alilipokea, akaligeuza kwenye mwanga. Mgongoni lilikuwa na mikunjo ya kutosha ramani ya nchi.

"Mzee wangu, ulikuwa unaliadhibu?"

"Utaliweza?"

"Niletee taulo lililolowa, na meza usogeze huku." Alipandisha mikono ya blauzi, akaingia ndani. "Mlango uache hivyohivyo, hewa ipite."

Mvuke ulipanda. Muuguzi, akienda zamu, alichungulia na kuuliza kama anaweza kuleta sare yake kesho. Mpiga pasi alimwambia ailete, ila aje amekula.