Wimbo wa Keki ya Wakwe

Jumamosi, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, kwenye ukumbi mmoja hapa Igogo, ndipo aibu yangu ilipoanza, na naiandika mwenyewe kwa sababu nikiiacha Mama ataendelea kuisimulia kwa njia yake (ambayo ni mbaya zaidi).

Niseme kwanza ugonjwa wangu. Wenzangu wa kidato cha tatu wanasikiliza singeli na bongofleva, mimi naokota mtandaoni bendi za roki zisizojulikana na mtu, zile za vijana wanne na magitaa yao kwenye stoo ya mzazi, video imetazamwa mara themanini na nyingi kati ya hizo ni mimi. Wiki hiyo nilikuwa nimepata moja mpya (jina silitaji, nimeshawaaibisha vya kutosha), na wimbo wao mmoja unaanza kwa gitaa laini mpaka machozi yananilenga. Sikumwambia mtu, maana mimi hata kuomba chumvi mezani naona haya.

Sasa ikaja sendofu ya dada yangu Neema, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, nikapewa kazi ya kujaza nyimbo za kupelekea wakwe keki kwenye flashi ya DJ Shija, jirani yetu, kaka mpole ambaye hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya ukumbini. Nikaweka za kwaya tano. Halafu nikajiambia wa kwanza kabisa uwe ule wangu, nani atajua?

Wimbo ule naujua. Najua kwamba katikati gitaa linanyamaza kabisa, kama sekunde kumi hivi, kisha ngoma zinalipuka na mwimbaji anapiga yowe kama amekanyaga kaa la moto. Nilichosahau ni kwamba keki ya wakwe ikishapokelewa na muziki ukanyamaza, mzee wa upande wa pili huwa anaomba.

Basi Neema akatembea na keki polepole, gitaa linalia, shangazi zangu wanayumba na vitenge vyao, mmoja akaninong'oneza kwamba wimbo huu una upako, nami nikavimba kichwa. Neema akapiga magoti mbele ya mama mkwe, gitaa likanyamaza, na baba mdogo wa bwana harusi, mchungaji wa kule Buhongwa, akashika maiki akasema tufumbe macho. Ukumbi mzima ukafumba. Mimi peke yangu nilikuwa nimeyakodoa, nahesabu sekunde, nataka kumpungia Shija mkono, mkono haunyanyuki.

"Baba, tunaiweka nyumba hii mpya mikononi mwako, uijaze utulivu..."

Ngoma.

Mama mkwe, aliyekuwa ndiyo kwanza ameishika keki, aliirusha. Shangazi wa upako alikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Mchungaji hakufumbua macho, alipandisha sauti tu: "Shindwa. Toka kwenye spika hiyo," na mwimbaji naye akapandisha ya kwake, wakashindana hivyo mpaka Shija akachomoa waya.

Neema alikuwa bado amepiga magoti, krimu kuanzia shingoni hadi kiunoni, analia. Mjomba Lukas, mwenyekiti wa kamati, akauliza uchafu huo umetoka wapi. Shija akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Samahanini wazee," akasema Shija, "nimekosea wimbo."

Akaambiwa akusanye vifaa vyake aondoke, na mimi nikaletewa pilau, nikaila.

Asubuhi yake, Jumapili, nikakuta Mjomba ameandika kwenye grupu la kamati kwamba kwenye harusi Shija asionekane, na watu wameshaunga mkono. Nikaapa kwamba bendi zangu hazitatoka tena nje ya masikio yangu. Halafu nikaandika, kwa mara ya kwanza tangu niingizwe kwenye grupu hilo: "Shikamooni. Wimbo wa jana niliuweka mimi. Kaka Shija hana kosa, naomba apige harusini."

Nikatuma. Simu ya Mama ikalia jikoni, ya Baba sebuleni, ya Neema chumbani. Nikachukua ufagio, nikatoka nje nikaanza kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa.