Utepe Kwenye Magurudumu ya Mbele

Gari ya mjomba wangu ilikuwa kongwe hata minazi ya njiani ikiiamkia shikamoo. Lakini ilikuwa fowili, na mimi, mhitimu wa masomo ya usiku mwenye cheti cha fizikia nilichokitia fremu, nilishaitangazia Ng'ambo nzima, mtaani kwetu mjini, kwamba gari ya fowili haikwami. Magurudumu manne yanashinda mawili. Nani angebisha hesabu hiyo?

Basi binti wa mjomba akawa anaolewa, nami nikapewa kazi moja tu: kumchukua somo wake Ng'ambo na kumfikisha kijijini, pwani, kupita msitu wa Jozani, kabla ya alasiri. Somo ndiye aliyemfunda mwari, na ndiye wa kumkosha na kumvisha. Asipofika yeye, hakuna mkono mwengine utakaogusa hata kanga. Na ndoa ilikuwa ifungwe mara baada ya sala.

Asubuhi niliipamba gari. Utepe mwekundu milangoni, utepe kwenye vioo. Katikati ya magurudumu ya mbele nikaona vidude vya chuma vya mviringo, vibaya kama visigino vya mkwezi. Nikavifunika kwa utepe na maua ya plastiki mpaka vikapotea.

Njia nzima ya lami nilimsomesha Bi Somo, naye kapakata chetezo na asumini zake. Kwa kawaida, nilimwambia, injini huyasukuma magurudumu ya nyuma tu. Ukivuta gia hii fupi ya pili, ya mbele nayo yanavuta. Akasema haya, tutaona.

Tukaona. Tulipoiacha lami na kuingia njia ya mchanga, gari ikakaa kitako. Nikaivuta gia fupi kwa mbwembwe, nikakanyaga mafuta. Mchanga ukaruka nyuma, tukazama. Nikakanyaga tena, nusura tuchimbe kisima kijiji kizima kinywe. Adhana haikuwa mbali.

Bi Somo akashuka, akajifunga kanga kiunoni, akaniambia nikanyage mara moja tu atizame.

"Mwanangu," akasema, "ya nyuma yanahangaika. Haya ya mbele yamekaa kama wageni waalikwa. Na umeyapamba wewe."

Nikampigia simu mjomba. Hakuuliza tumefika wapi. Aliuliza kama nimevizungusha vile vidude. Kwenye gari za zamani, akaeleza, gia huifikisha nguvu mbele, lakini magurudumu hayaipokei mpaka uyafunge kwa mkono, moja moja. "Vipo katikati ya gurudumu," akamalizia. "Hata kipofu havimpiti."

Sikumwambia nimevivisha maua.

Niliung'oa ule utepe kwa kucha na meno. Nikazungusha cha kulia, kikalia tik. Cha kushoto, tik. Nikafukua mchanga mbele ya magurudumu, nikaondoa gari polepole. Mara hii ya mbele yakavuta, ya nyuma yakasukuma, na kikongwe chetu kikapanda kama mbuzi jike.

Tulifika adhana ikianza. Mjomba alikuwa mlangoni, uso umemsawijika; alipomuona Bi Somo akashusha pumzi iliyotikisa makuti ya paa.

Bi Somo akashuka na chetezo chake. "Gari yako imeshafundwa," akaniambia. "Sasa niache nikamvishe wangu."

Wanaume waliporudi kutoka msikitini, ndoa imeshafungwa, vigelegele vilianza ndani. Mimi nilikuwa uani, nimechuchumaa, nabandua petali za plastiki kwenye grisi.