Alama za Mgongo wa Nanyama

Nanyama, muuza mboga wa Bungoma, alipopasuliwa mgongo kule Kitale alimshukuru Mungu kwa mambo mawili: kwamba aliamka, na kwamba mkwewe Hillary, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali hiyo hiyo, hakumwona amevaa lile gauni lililo wazi nyuma. Kwao, mama mkwe na mume wa bintiye hawashikani mikono wala hawaketi chumba kimoja. Kanisa limekuja, simu zimekuja, lakini hilo halijaondoka.

Baada ya miezi mitatu akarudi kupimwa. Haukupimwa mgongo tu, yalipimwa maisha yenyewe: unalalaje, unatembeaje, unavaa mwenyewe? Majibu hupewa alama, na alama ndizo huamua kama mgonjwa ataendelea na mazoezi au ataachiliwa aende zake. Kazi hiyo ni ya sista Phelista, ila siku hiyo alikuwa likizo. Aliyebaki ni Hillary.

Basi pazia likavutwa. Nanyama upande huu, mkwe upande ule, na katikati akasimama mumewe Jotham, mkalimani wa watu wanaojua lugha moja.

"Baba, muulize mama kama analala vizuri."

"Analala fofofo," Jotham akajibu bila hata kugeuza shingo.

"Na kutembea?"

"Huyu? Si jana alienda sokoni. Andika sawa, bana."

Nanyama akauma midomo. Jotham hakuwa mwongo. Alikuwa baba mkwe, na baba mkwe haonyeshi unyonge mbele ya kijana aliyemletea ng'ombe wa mahari. Lakini sokoni hakuna aliyeenda. Mguu wa kushoto ulikufa ganzi pale mlangoni, akaanguka, na Jotham mwenyewe ndiye aliyemwinua. Kila "sawa" ilimsogeza karibu na kuachiliwa, naye aliogopa kweli kweli. Akishaachiliwa, mguu huo utaangaliwa na nani? Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye hakuwa na haraka ya kuumbuliwa.

"Kuvaa nguo je?"

"Anavaa..."

"Baba Ivy," Nanyama akamwambia mumewe, "hebu nyamaza kidogo."

Kisha akalikabili pazia.

"Hillary mwanangu, mimi silali. Soksi navalishwa. Mguu wa kushoto unanipotea, na jana umeniangusha."

Jotham akatazama dari. Upande wa pili, kalamu ilitulia kidogo.

"Asante, mama," Hillary akasema, safari hii bila kupitia kwa mtu. "Alama ziko chini, lakini hatujachelewa. Daktari atakuona leo kwa ajili ya huo mguu, na mazoezi utaendelea nayo mpaka tuone mwisho wake. Sasa hili si la karatasi, ni langu tu. Ukipata nguvu, unataka kufanya nini kwanza?"

Nanyama hakuhitaji kufikiri. "Mtoto wenu ana miezi mitano. Kwa mgongo huu sijawahi kumbeba."

Alisikia kiti kikisogezwa, kisha mkwewe akipenga kamasi. Jotham naye akawa ghafla na shughuli na vifungo vya koti lake.

"Basi tutaanza na pakiti ya unga, mama," sauti ikasema. "Ile ya kilo mbili. Yeye ana saba."